Inchi Mbili za Akiba

Salwa ameniletea dera la rangi ya kahawa iliyopoa.
"Mama, hili ndilo la umri wako," akasema,
akalilaza kitandani taratibu
kama mtu anayelaza mtoto wa mwenzake.

Sikumjibu. Nimelikunja, nimelitia kabatini
juu ya mashuka ya wageni.

Nina sitini kasoro miezi minne.
Hilo sikatai. Magoti yanikumbusha
kila nipandapo ngazi za nyumba hii ya Kibokoni,
ngazi ishirini na tatu, ya kumi na saba imemeguka.
Lakini nani aliyekaa na umri akaupima,
akaandika: ukifika hapa, rangi basi?

Mama yangu aliandikiwa.
Alipofika hapa aliacha kujishonea,
akawa avaa alicholetewa.
Alipofariki tulikuta doti saba za leso sandukuni,
hazijakatwa, zingali na gundi ya kiwandani.
"Si za rika langu tena," alikuwa akisema.
Tukazigawa kwa waliomwosha.

Basi asubuhi nikashuka mtaa wa Biashara.
Kijana wa dukani akanitandazia vitambaa vya heshima:
kijivu, buluu nzito, kijivu kingine.
Nikamwambia, "Kile cha juu, mwanangu,
kile cha rangi ya embe lililokatwa sasa hivi."
Akanitazama. "Ni cha binti?"
"Ni cha binti," nikasema. "Binti wa marehemu Shee Athmani.
Yadi nne na robo, na usikivute ukipima."

Chini ya droo ya cherehani
nilikuta vigezo vyangu vya zamani vya magazeti;
bei ya unga ya mwaka ule
bado yasomeka penye kwapa.
Kiuno: ishirini na sita.
Nikakishika karibu na mwili, tukatazamana
kama watu waliowahi kupanga chumba kimoja.

Futi ya fundi haina adabu, ila haisengenyi.
Thelathini na nane, ikasema,
ikanyamaza.

Nikakata upya.
Shingo nimeipandisha, wala si kwa aibu:
siku hizi upepo wa feni wanipata kooni.
Mikono nimeishusha chini ya kiwiko,
ikunjike nikikanda unga wa mahamri.
Kiuno nimekiacha kipumue. Kimefanya kazi.
Kimebeba watatu, na mmoja hakukaa.
Ubavuni, mfuko: wa miwani, wa funguo,
wa peremende za Fahmi ambazo mamake hazijui.

Uzi haukutaka tundu.
Niliulamba, nikaukata mshazari,
nikauelekeza dirishani. Wapi.
Nikamwita Fahmi, miaka sita,
akautia mara moja bila kufumba jicho.
"Nyanya, unaenda wapi?"
"Siendi mahali. Nakaa tu."
"Na nguo mpya?"
"Na nguo mpya."

Mshono wa bega la kushoto ulikwenda upande.
Nikaufumua, nikaurudia, ukaenda upande tena.
Nimeuacha. Hata bega lenyewe limeshuka,
miaka ya kubebea mkoba upande mmoja.

Jioni Salwa alipokuja nilikuwa nimeivaa,
nimeketi kibarazani nachambua mchele.
Hakusema kitu. Akainama, akageuza pindo,
akaona nilichokiacha ndani.
"Mbona nyingi hivi? Inchi mbili nzima?"

Nikamwambia: huenda nikanenepa.
Huenda nikakonda, kama alivyokonda bibi yako.
Sijui nitakuwa nani nikifika sabini.
Mwenye kufumua atakuta nafasi.

Akawa bado ameushika upindo,
aupapasa kwa kidole gumba, mbele, nyuma.
Kisha, kwa sauti ya chini,
kana kwamba majirani wasikia:

"Kitambaa kimebaki?"